Karatasi ya Kipimo Haimtaji Mkosaji

Kaswende ni ugonjwa wa siku nyingi. Wazee wetu waliujua na kuuogopa. Dawa yake ipo, nayo ni sindano ya penisilini. Hata hivyo, kaswende bado inavunja nyumba. Wakati mwingine kinachovunja nyumba si ugonjwa wenyewe. Ni jinsi tunavyoisoma karatasi ya kipimo cha damu.

Mama mjamzito anakwenda kliniki. Anapimwa damu, kama wajawazito wote wanavyotakiwa kupimwa. Kipimo kinaonyesha kaswende. Mama anarudi nyumbani na karatasi yake. Mume anasema, "Umeonekana wewe, basi wewe ndiye uliyeuleta." Mama anafukuzwa au anapigwa. Mwingine huificha karatasi kwa hofu, akakosa dawa.

Mimi nasema hukumu hiyo si ya haki. Karatasi ile haiwezi kumtaja mkosaji. Tuone sababu zake.

KIPIMO KINATAFUTA NINI?

Vijidudu vya kaswende vikiingia mwilini, mwili hutengeneza kinga ya kupigana navyo. Kinga hiyo hukaa katika damu. Huitwa kingamwili. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu la kidoleni, hutafuta kingamwili hizo. Hakitafuti vijidudu vyenyewe.

Fikiri juu ya nguruwe mwitu. Umekwenda shambani baada ya siku nyingi, ukakuta nyayo zake. Nyayo zinakuambia kwamba nguruwe alipita. Je, zinakuambia alitokea kijiji gani? Zinakuambia kama bado amejificha ndani ya mahindi? Hapana. Kingamwili ni kama nyayo hizo.

Kwa watu wengi, kingamwili za kaswende hubaki katika damu maisha yote, hata baada ya kupona. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa miaka 10 iliyopita, kabla hajaoa au kuolewa, anaweza kuonekana leo. Tena vijidudu vya buba ni ndugu wa vijidudu vya kaswende. Mzee aliyeugua buba utotoni anaweza kuonekana katika kipimo hiki, ingawa hakuugua kaswende kamwe.

Ndiyo maana mhudumu huuliza, "Umewahi kutibiwa?" Mwambie ukweli. Penye maabara kipo kipimo kingine kiitwacho RPR. Majibu ya hicho hushuka mtu akitibiwa. Kwa hiyo humsaidia mganga kujua kama dawa imefanya kazi.

NANI ALIANZA?

Kaswende hujificha. Kwanza hutokea kidonda kisichouma, mara nyingi wiki 3 hivi baada ya kuambukizwa. Kinaweza kutokea mapema, siku ya 10, au kikachelewa hadi siku ya 90. Kwa mwanamke kidonda kinaweza kuwa ndani, asikione. Kidonda hupona chenyewe bila dawa, lakini ugonjwa haujaondoka. Baadaye vipele huweza kutokea mwilini, hata viganjani na kwenye nyayo za miguu. Navyo huondoka. Halafu ugonjwa hukaa kimya, pengine kwa miaka mingi.

Basi katika ndoa ya miaka 5 au 8, nani atajua ugonjwa uliingia lini na kwa njia ipi? Mama ameonekana kwa sababu mimba imempeleka kliniki. Baba hajaonekana kwa sababu hajapimwa. Aliyepimwa kwanza si lazima awe aliyeambukizwa kwanza.

KIPIMO KISIPOONYESHA KITU

Lipo kosa la upande wa pili. Pengine umegundua kwamba mwenzi wako ametoka nje ya ndoa. Kesho yake unakwenda zahanati kupima, na kipimo hakionyeshi kitu. Usifurahi mapema. Mwili huhitaji muda kutengeneza kingamwili, pengine wiki kadhaa. Pima sasa, kisha rudia baada ya miezi 3. Fanya hivyo pia kwa kipimo cha virusi vya UKIMWI. Katika muda huo tumieni kondomu. Ukiona kidonda, usingoje miezi 3. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Wako pia wanaume wasemao, "Mke wangu amepimwa, ni mzima. Basi nami ni mzima." Si kweli. Damu ya mke haiwezi kumjibia mume. Kila mtu apimwe yake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tiba itangulie ugomvi. Kaswende ya mama mjamzito inaweza kuharibu mimba, kumwua mtoto tumboni, au kumfanya azaliwe mgonjwa. Sindano ya penisilini humtibu mama na mtoto aliye tumboni pamoja. Mama akifukuzwa kabla ya kuchomwa sindano, anayehukumiwa ni mtoto asiye na kosa.

Pili, mume na mke watibiwe pamoja. Akitibiwa mmoja tu, watarudishiana ugonjwa. Kupona kaswende hakumkingi mtu asiambukizwe tena. Ikiwa ugonjwa ni wa siku nyingi, au muda wake haujulikani, sindano huwa 3, moja kila wiki. Msiishie ya kwanza.

Tatu, tuiamini zahanati yetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika Mkoa wa Mwanza, huduma ya magonjwa ya zinaa iliboreshwa katika vituo vya afya na zahanati za kawaida za vijijini. Wahudumu walifundishwa na dawa zikapelekwa. Maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yakawa pungufu kwa karibu asilimia 40, yakilinganishwa na sehemu ambazo huduma hiyo ilikuwa haijafika. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1995. Kutibu magonjwa haya mapema huokoa watu wengi.

Nasi wahudumu tuna wajibu. Tusimpe mama karatasi tu na kumwambia aende. Tumweleze maana yake. Tumwite na mume wake, kama mama mwenyewe anakubali na haogopi kupigwa. Tutunze siri yao.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba kutoka nje ya ndoa ni jambo dogo. Linaumiza, na mwenye kuumizwa ana haki ya kuuliza. Lakini ukweli huo utafuteni kwa kuzungumza ninyi wawili, au mbele ya wazee mnaowaamini. Usiutafute katika tone la damu, kwa maana haumo. Tone la damu lina kazi moja: kutuonyesha nani anahitaji kuangaliwa na kutibiwa. Ukipewa karatasi hiyo leo, mwende zahanati wote wawili.