Ushahidi wa Macho na Khayali

Wako wanaodai kwamba mwenye akili timamu hana budi kushika lile tu lipimikalo kwa futi na mizani, na wako wengine, wenye bidii ya ibada kuliko ya tafakuri, waonao kila ithibati kuwa adui wa imani. Nami nashuku kwamba makundi yote mawili hayajausoma utenzi wa Al-Inkishafi kwa utulivu.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga utenzi huo mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Pate, mji uliopata fahari kwa biashara ya Bahari ya Hindi, ulipokuwa umekwisha kudhoofika. Hakuanza kwa kubuni yasiyokuwako: alitazama majumba yaliyohamwa, zidaka zilizopangwa vyombo vya thamani na sasa zalaliwa na makinda ya ndege, na popo wananing'inia juu. Hayo hata mpimaji wa majengo angaliweza kuyaandika daftarini. Lakini daftari lisingaliweza kuuita moyo wake mwenyewe, kuukemea na kuusihi kama mtu aliyeketi mbele yake, wala kuyarudishia magofu taa, wageni na vicheko vyao hata hasara ikafahamika kwa kadiri yake. Khayali ya namna hiyo, kwa rai yangu, ni sehemu ya ilmu.

Basi nawasihi walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani wasiitenge tarikhi ya Pate na utenzi wake, bali wavisomeshe pamoja.