"Scratch" Si Sufuri



Juma lililopita mama mmoja wa kanisa aliniambia, "Pasta, mimi sasa naanza from scratch." Msimu uliopita mvua ilikatika mapema, ndengu zake zikakaukia shambani. Alimaanisha hana kitu. Alikuwa tayari kuuza mbuzi na kutoka kwenye chama.

Wengi wetu tunalitumia neno hilo hivyo. Hata mimi nimelihubiri hivyo, mnisamehe. Lakini "scratch" si sufuri. Ni mstari uliokwaruzwa chini, pale wakimbiaji wanaposimama kabla ya mbio. Kama ulisoma shule ya msingi huku Kitui au Makueni, umeuchora huo mstari kwenye vumbi kwa kijiti. Na katika mbio za Waingereza za karne ya 19, walio dhaifu waliweza kupewa nafasi ya kuanzia mbele kidogo. Aliyeanzia mstarini hakupewa nafuu yoyote. Uchungu wa neno hili uko hapo: hakuna aliyekusogeza mbele. Lakini miguu unayo!

Mpendwa, soma 2 Wafalme 4. Mjane anadaiwa, wanawe wanakaribia kuchukuliwa watumwa. Elisha anamwuliza ana nini nyumbani. Anajibu hana kitu, kisha anakumbuka yale mafuta kidogo.

Nami nikamwuliza mama yetu vivyo hivyo. Alinyamaza kwa muda. Halafu akaanza: mitaro ya fanya juu aliyochimba na marehemu mumewe bado imesimama. Mbuzi wawili. Mbegu za kunde kwenye kibuyu, chache. Chama kinachomjua miaka mingi. Na huyu ni mama anayejua kuchimba mchanga wa mto Tiva mpaka maji yatoke, mto ambao ukiutazama Septemba utaapa umekufa.

Sisemi hasara si hasara. Amelia, na karo bado inadaiwa. Hilo wazee wa kanisa tunalishughulikia. Ninachokataa ni mtu kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa kwa sababu amejiita sufuri.

Mvua ya Oktoba iko karibu. Jumapili njoo na mbegu ulizo nazo, hata kikombe kimoja, tuziombee. Kama huna kabisa, niambie kwa simu kabla ya ibada. Hatutakutaja mbele ya watu.

Amina.