Kutoka Mutshatsha hadi Lubumbashi: ulizia mtaa kabla ya kuulizia chumba

Kila mwezi wa Julai, shule zikifungwa, kuna watu wa Mutshatsha walioweka akiba mwaka mzima ambao hupanda gari pamoja na watoto wao kwenda kutembea mjini. Wengine wanaishia Kolwezi. Wengine wanaendelea hadi Lubumbashi, kwa sababu mtoto amesikia habari za zoo na za uwanja wa Mazembe, na hataki kusikia kingine. Wanarudi baada ya siku chache, mara nyingi kabla ya siku waliyopanga. Ukiuliza feza imeishia wapi, ni wachache watakaojibu kwamba imeishia hotelini. Imeishia barabarani: taksi ya asubuhi, taksi ya mchana, pikipiki mbili za jioni, na kesho yake vilevile.

Kosa linaanzia kwenye simu. Anayetafuta chumba huuliza kwanza: "Chumba ni ngapi?" Akisikia bei ndogo anafurahi na kutuma pesa. Swali la "Iko upande gani?" linakuja akiwa tayari amefika, mizigo iko kichwani na watoto wamechoka. Wakati huo hana tena nguvu ya kukataa.

Lakini msafiri asilaumiwe peke yake. Tangu Kolwezi ilipokuwa mji mkuu wa jimbo la Lualaba, katika mgawanyo wa Katanga wa mwaka 2015, hoteli zimejengwa nyingi sana, na karibu zote zimejengwa zikimwangalia mtu wa aina moja: mgeni wa migodi. Huyo ni mhandisi, fundi wa kampuni ndogo inayofanyia kazi kampuni kubwa, au mnunuzi wa madini. Chumba chake kinalipwa na kampuni, kwa dola. Gari la kampuni linamsubiri mlangoni alfajiri na kumrudisha usiku. Kwake, hoteli iliyo kando ya barabara ya kwenda mgodini, yenye ukuta mrefu na mlinzi, mbali na soko, ni hoteli nzuri kabisa. Mama aliyetoka Mutshatsha na watoto watatu, asiye na gari, akilala hapohapo anakuwa kama amefungiwa. Hawezi kutoka kununua mkate bila kuita pikipiki.

Na kuna jambo linalouma zaidi. Mgodi mkubwa wa Kamoa-Kakula, ulioanza kutoa shaba mwaka 2021, uko katika wilaya ya Mutshatsha. Treni zinazobeba madini kuelekea Angola na bandari ya Lobito zinapita kwenye reli ileile iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo inapita katikati ya Mutshatsha. Utajiri unaojenga hoteli za Kolwezi unatoka kwa sehemu katika ardhi ya mtu huyu. Anapofika kwenye kaunta ya hoteli hizo, anaangaliwa kuanzia viatu vyake vyenye vumbi, halafu anaambiwa bei ambayo haijaandikwa popote.

Hapo ndipo serikali ya jimbo ingepaswa kufanya kazi. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inamtaka mwenye kuuza au kutoa huduma amjulishe mteja bei yake. Faranga ya Kongo ndiyo pesa ya nchi. Hata hivyo, katika hoteli nyingi za ukanda wa shaba bei iko kichwani mwa mtu wa kaunta. Anamtazama mgeni, anapima, kisha anasema. Mwenye kulipa kwa faranga anapewa kiwango cha kubadilisha ambacho hoteli imejichagulia yenyewe. Mwenye dola naye anarudishiwa noti yake kwa sababu ina mpasuko mdogo pembeni, au kwa sababu ni noti ya dola moja. Mtu anaweza kuwa na pesa kamili mfukoni na bado akaambiwa haitoshi.

Wenye hoteli wana majibu yao, na si yote ya uongo. Umeme wa SNEL unakatika, jenereta inakunywa mafuta, maji ya Regideso hayafiki kila siku, na watu wa kodi wanaokuja na karatasi mkononi ni wengi kuliko wateja. Haya yote yanapandisha bei, na hakuna anayekataa kwamba mwenye hoteli anastahili faida. Lakini karatasi moja iliyobandikwa ukutani, yenye bei ya kila chumba kwa faranga, haihitaji jenereta wala mafuta. Wakaguzi wa uchumi wanaopita kwenye maduka ya soko kuuliza bei ya unga wangeweza kupita pia kwenye kaunta za hoteli.

Kabla siku hiyo haijafika, msafiri atajilinda kwa kuuliza vizuri.

Chukua mfano wa baba, mama na watoto wawili wanaokwenda Lubumbashi kwa usiku tano. Hizi si bei za hoteli fulani, ni hesabu ya kuelewesha tu. Wamepata chumba cha dola 25 pembeni kabisa mwa mji, na kingine cha dola 40 karibu na katikati. Kwa usiku tano, cha kwanza ni dola 125, cha pili ni dola 200. Nani hatachagua cha kwanza? Sasa ongeza usafiri. Watoto wadogo hawawezi kuzunguka tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo familia inatoka asubuhi, inarudi mchana kula na kupumzika, inatoka tena. Hizo ni safari nne kwa siku. Wakikodi taksi kwa dola 5 kila safari, ni dola 20 kwa siku, dola 100 kwa siku tano. Chumba cha bei nafuu kimefika dola 225. Wale wa katikati wanatembea kwa miguu, wanachukua taksi mara tatu tu katika siku zote, dola 15. Jumla yao ni dola 215.

Tofauti ni dola 10 tu, mtu atasema. Ni kweli. Lakini wa pembeni amekaa saa ngapi ndani ya gari, na amebishana bei na shofa mara ngapi? Na siku mtoto akipata homa saa nne ya usiku, nani yuko karibu na duka la dawa?

Lubumbashi inamsaidia mwenye kufikiri hivi, kwa sababu vitu ambavyo mgeni anataka kuona havikutawanyika sana. Zoo, Jumba la Makumbusho la Taifa na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo viko katika komini ya Lubumbashi. Uwanja wa TP Mazembe uko Kamalondo, komini iliyopakana na katikati ya mji. Ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba na bomba refu la Gécamines unauona bila hata kulipa. Aliyelala katika eneo hilo anaweza kwenda karibu kila mahali kwa mguu na kurudi. Aliyepata chumba mbali, nje ya Ruashi au mwisho kabisa wa Katuba, ataujua mji kupitia dirisha la taksi-basi. Katuba na Ruashi ni mitaa ya watu na ina uhai wake. Mwenye ndugu huko ana sababu ya kulala huko. Asiye na ndugu hana.

Kolwezi ni ndogo zaidi lakini inachanganya zaidi. Mji umekatwakatwa na mashimo ya migodi, na sehemu mbili zinazoonekana jirani zinaweza kutenganishwa na uzio wa kampuni na mzunguko mrefu. Vumbi la magari mazito halichagui hoteli ya bei gani. Kwa familia, chumba cha kawaida karibu na soko na mahali magari yanapoondokea kinafaa kuliko jumba zuri kwenye barabara ya mgodi.

Halafu kuna maswali ambayo watu wanaona aibu kuuliza. SNEL ikikata, jenereta inawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi? Maji yanatoka bombani au yanaletwa kwenye ndoo? Julai usiku wa Katanga una baridi kali: kuna maji ya moto, kuna blanketi la pili? Chini kuna baa? Baa yenye muziki hadi saa nane ya usiku haiandikwi kwenye picha wanazotuma kwa WhatsApp. Na swali gumu kuliko yote kwa baba aliye na watoto: hoteli hiyo inapokea watu wa passage, wale wa kukodi chumba kwa saa moja au mbili? Kuna nyumba nyingi za bei ndogo ambazo biashara yao hasa ni hiyo. Mtu wa kaunta hatasema ndiyo, lakini namna anavyojibu itasema.

Wasiotaka maswali hayo wana njia nyingine ambayo wengi wanaisahau: nyumba za wageni za makanisa, za Wakatoliki, za Wamethodiste na wengine. Vyumba ni vya kawaida, mlango unafungwa mapema, pombe hakuna. Kijana atachoka siku ya pili. Familia italala.

Vipi kuhusu kulala kwa ndugu? Wengi bado wanafanya hivyo, wakifika na unga wa muhogo na asali ya porini, na ni jambo jema. Ila maisha ya mjini yamebana. Ndugu mwenye vyumba viwili na watoto sita hawezi kukwambia usije. Atakupa kitanda chake na yeye atalala sebuleni, siku tano, akienda kazini amechoka. Siku hizi kuna familia zinazofanya kwa busara: zinalala hotelini, zinakwenda kwa ndugu mchana na mzigo wao wa asali, zinakula pamoja, zinarudi jioni. Wazee wengine bado wanaona hilo ni tusi. Mama mwenye nyumba, yule anayepika na kufua mashuka, haoni hivyo.

Kuhusu pesa, afadhali isibebwe yote mkononi. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi Kolwezi na Lubumbashi, na mtu anaweza kutoa kidogokidogo. Anayeombwa kutuma malipo ya usiku wote kabla hajaona chumba akatae. Alipe usiku mmoja, aone kitasa cha mlango, afungue bomba, ajaribu taa, ndipo alipe zilizobaki na kudai risiti. Kadi ya mpiga kura iwe karibu, maana kaunta wataiomba.

Kwa kuzunguka, pikipiki ni nafuu na ya haraka, na wenye pikipiki, ambao Lubumbashi wanaitwa manseba, wanaijua mitaa kuliko ramani yoyote. Kwa mtu mmoja mchana, hakuna neno. Lakini baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja, kati ya malori, si kubana matumizi tena. Usiku, taksi iitwe kupitia mtu wa hoteli au ndugu anayeijua, isisimamishwe tu barabarani. Bei ikubaliwe kabla mlango haujafungwa, na ielezwe wazi kama ni ya gari zima au ya kila mtu. Ugomvi mwingi wa taksi unatoka kwenye neno hilo moja ambalo halikusemwa.

Kuna usiku mwingine ambao karibu hakuna anayeuweka kwenye hesabu. Kutoka Mutshatsha hadi Kolwezi ni zaidi ya kilometa 100, na kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi, kupitia Likasi, ni karibu kilometa 300 nyingine, katika barabara moja na malori ya shaba yanayoelekea Kasumbalesa. Anayefika Kolwezi jioni akalazimisha kuendelea usiku ili aokoe pesa ya chumba anaweka watoto wake katikati ya malori hayo, gizani. Alale Kolwezi, aondoke asubuhi. Na wakati wa kurudi ni hivyohivyo: basi la kutoka Lubumbashi likichelewa, gari la Mutshatsha litakuwa limekwisha kuondoka. Pesa ya usiku huo wa mwisho, pamoja na nauli ya kufika nyumbani, itengwe siku ya kwanza, iwekwe mbali na pochi ya kila siku. Wale wanaoonekana Kolwezi wamekaa juu ya mizigo yao, wakipiga simu kwa ndugu kuomba watumiwe nauli, hawakuitenga.