KAZI HAIJULIKANI KWA KALAMU PEKE YAKE



Boriti zilizobeba dari za babu zetu visiwani zilikatwa katika mikoko ya Rufiji, zikavushwa kwa majahazi. Basi habari za delta ile, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, si ngeni kwetu.

Misitu hiyo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, ulioundwa mwaka 2010 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997. Wakala hupimwa kwa kazi autendao. Jee, kazi itapimwaje kabla ya kuchambuliwa?

Sisi wenye maduka hatuweki mpimaji pasipo kujua atapima nini. Mlinzi wa msitu wa bara hupanda pikipiki. Wa delta hungoja maji. Bamvua humfungulia mkondo, maji mafu humfungia. Yampasa aujue mchu na mkandaa, ashike usukani, tena asemezane kwa hekima na mkulima wa mpunga aliyepakana na mikoko. Kuwaandikia wawili hao karatasi moja ya kazi ni kumdhulumu mmoja, na mkulima ndiye atakayelipa.

Rai yetu ni hii: mwenye kuandika majukumu ashuke Nyamisati, apande mashua, akae na mlinzi mwezi mzima, awaulize na wanavijiji. Ndipo aandike idadi ya watu, vyombo na mshahara. Kisha karatasi hiyo isomwe hadharani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.