Choltitz hakuiokoa Paris

Hadithi hii watu huisimulia machozi yakiwalengalenga: Agosti 1944 Hitler aliamuru Paris igeuzwe magofu, na Jenerali Dietrich von Choltitz, kwa kuupenda mji ule, akakataa kutii. Mimi hunitia kichefuchefu.

Amri ilikuwepo, sibishi. Lakini huyu muungwana alikuwa amepigana Rotterdam mwaka 1940 na Sevastopol mwaka 1942, na hatujasikia kwamba vifusi vya huko vilimliza. Alipokuwa ndiye mkuu wa jeshi la Ujerumani Paris, tarehe 15 Agosti treni iliondoka kituo cha Pantin na wafungwa zaidi ya 2,000, safari ya kambi za Buchenwald na Ravensbrück. Siku ya pili yake vijana 35 wakapigwa risasi Bois de Boulogne. Baada ya kutekwa, Waingereza walimrekodi kwa siri akikiri kuwa alishiriki kuwaangamiza Wayahudi.

Mji ulisimama kwa sababu wenyeji walimkaba. Wafanyakazi wa reli waligoma tarehe 10. Polisi wakafuata tarehe 15 (ndio wale wale waliowakamata Wayahudi Julai 1942, wasijitakase upesi), na tarehe 19 wakayateka makao yao makuu. Kanali Rol-Tanguy, mfua vyuma na mkomunisti, aliongoza wapiganaji ambao wengi wao hawakuwa hata na bunduki. Akina mama, watoto na wazee waling'oa mawe ya barabarani, wakaangusha miti, wakaziba mitaa. Gari la Mjerumani likikata kona, dirisha linafyatua risasi. Jenerali aliyezingirwa hivyo angewatoa wapi watu wa kuubomoa mji mzima?

Usiku wa tarehe 24 wakaingia wanajeshi wa kwanza kutoka nje, wa kikosi cha Jenerali Leclerc wa Ufaransa, wengi wao Waspania, kwenye magari yaliyoandikwa Guadalajara na Teruel, mapigano ya kwao wenyewe dhidi ya Franco. Kesho yake Choltitz akasalimu amri. Hakuwa na njia nyingine. Vita vilipokwisha akaandika kitabu akijipamba kuwa mwokozi, na dunia ikameza. Majina ya waliouawa yamo kwenye vibao vidogo ukutani, pale pale walipoangukia, na watalii huvipita wakielekea kupiga picha mnara.

Wala si Wajerumani peke yao waliotaka kuwafuta watu wa mtaani. Hati ya kusalimu amri ilipofikishwa kwa de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa huru, alimkaripia Jenerali Leclerc: kwa nini kamruhusu Rol-Tanguy naye atie sahihi?