Krimu Yenye Alkoholi na Swala ya Mwenye Kuipaka



Wiki hii tumeletewa swali na binti yetu mmoja, mama wa mtoto wa miaka mitatu. Mtoto ana ngozi kavu yenye kupasuka, na daktari amempa krimu ya kupakwa asubuhi na jioni. Mama mkwe alilisoma kopo, akaona neno "alcohol", akasema: umempaka mtoto pombe, nawe umeswali na najisi mikononi, zilipe swala zako zote. Binti ameiacha krimu. Mtoto hujikuna usiku hata akatoka damu, na mama mtu hushikwa na wasiwasi kila asimamapo kwenye msala. Auliza: je, alipe?

Twamshukuru kwanza mama mkwe, kwani kujichunga na najisi ni katika dini. Lakini hukumu hufuata kitu chenyewe, haifuati jina. Neno alkoholi asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, nao ni wanja tupakao machoni. Leo wanakemia hulitumia kwa jamii kubwa ya vitu. Ile iandikwayo "cetyl alcohol" au "cetearyl alcohol" ni kitu kigumu mfano wa nta, mara nyingi hutokana na mafuta ya mawese au ya nazi, na kazi yake ni kuipa krimu uzito na ulaini. Hakileweshi wala si khamri. Tumelitazama kopo la binti yetu, na hilo ndilo neno lililomo. Basi hana swala ya kulipa, na mtoto apakwe dawa yake leo.

Ziko krimu nyingine zitiwazo ethanoli, ambayo ndiyo ileweshayo katika pombe, ili zisiote ukungu wala kuharibika. Kopo lake huandikwa "ethanol", "alcohol" peke yake, au "alcohol denat.", yaani iliyochanganywa na vitu vya kuifanya isinyweke. Hapo ndipo penye hitilafu. Madhehebu yetu ya Shafi, pamoja na wanazuoni walio wengi, yameiona khamri kuwa najisi kwa neno "rijs" lililomo katika Suratul Maida, aya ya 90. Wengine, wakiwemo al-Layth bin Saad na al-Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafi mwenyewe, wameiona dhati yake ni tohara, ingawa kuinywa ni haramu bila shaka. Na mnamo Januari 2002, Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka, katika kikao chake cha 16, lilikataza khamri halisi kufanywa dawa, lakini likaruhusu alkoholi kusafishia vidonda na kutiwa katika krimu na mafuta yapakwayo nje ya mwili.

Nasi twaona hivi: apataye krimu isiyo na ethanoli na achague hiyo. Aliyeipaka yenye ethanoli, naye ataka kutoka katika hitilafu, aoshe kwa maji kabla ya kuswali. Huo ni uchaji wa mtu kwa nafsi yake. Usigeuzwe fimbo ya kumpigia mwenzake, wala sababu ya kumnyima mgonjwa dawa.

Na maadamu tumeanza kusoma makopo, tusiishie kwenye neno moja. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki zimepigwa marufuku hapa Kenya, kwani zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Hata hivyo maharusi wetu hupakwa krimu za kung'arisha, na hakuna aulizaye kilichomo. Kuidhuru nafsi ni haramu, na katika hilo hapana hitilafu.

Mama yetu, mchukue mjukuu wako, umpake krimu kwa mkono wako mwenyewe. Nawe binti, mshukuru mkweo, kwani alikuhofia akhera yako.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.