Karo Lililoziba na Ndoo ya Maji

Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twaomba ruhusa ya kuingia jikoni mwenu. Huenda mmoja wenu akatuuliza ni jambo gani la maana lipatikanalo katika karo lililoziba, hata lipewe nafasi katika ukurasa huu. Jawabu letu ni kisa tulichokishuhudia wenyewe.

Tulikuwa wageni katika nyumba moja mjini Korogwe, alasiri ya mwezi wa Ramadhani, ilhali sambusa na bajia zikikaangwa. Mara karo la jikoni likakataa kupitisha maji. Baba wa nyumba akamlaumu mkewe. Mke akamlaumu msichana wa kazi. Na kijana wao, akitaka kuyamaliza maneno, akashika njia kwenda dukani kununua dawa kali ya kuyeyusha uchafu. Alikuwapo shangazi yao aliyetoka Handeni. Akamzuia kwa upole, akasema: “Ngoja, mwanangu. Maji hayo hayo yaliyosimama ndiyo yatakayokusaidia.”

Hayo ni maneno ya mtu ajuaye thamani ya maji. Handeni ni nchi ya ukame. Wazee wake wamechota malamboni, na maji ya bomba yawafikiayo hutolewa katika Mto Pangani, upande wa Korogwe, yakasukumwa kwa mitambo mpaka kwao. Aishiye karibu na mto huweza kusahau. Aliyebeba ndoo kichwani hasahau.

Shangazi akaagiza iletwe pampu ya kuzibulia, yaani kile kikombe cha mpira chenye mpini wa mti. Twaeleza hapa jinsi ilivyotumiwa, ili kila nyumba ifaidike.

Kwanza, usiyateke maji yaliyosimama. Yatakiwa yafunike ukingo wa kikombe cha mpira. Yakipungua, ongeza maji yaliyosuuziwa vyombo, wala usipoteze maji safi. Sababu yake ni hii: hewa ikisukumwa hujibana, na nguvu ya mkono ikapotea, maji hayajibani, bali huipeleka nguvu yote mpaka penye kizuizi.

Pili, ziba matundu mengine. Karo likiwa na tundu la juu la kuzuia maji yasifurike, au likiwa la mabakuli mawili, tundu hilo lizibwe barabara kwa kitambaa kilicholoweshwa. Lisipozibwa, nguvu yote itatokea huko.

Tatu, ingiza kikombe kwa kukiinamisha kidogo ili hewa itoke, kisha kikalishe sawasawa juu ya tundu. Sukuma na kuvuta mpini, wima, mara kumi na tano au ishirini, bila kukiinua kikombe. Kuvuta kuna kazi kama kusukuma, kwani donge la mafuta hulegea kwa kutikiswa huku na huku. Mwisho, kivute kwa nguvu kwa mara moja. Maji yasiposhuka, rudia mara mbili tatu.

Yakikataa kabisa, weka ndoo chini ya lile bomba lililopinda mfano wa shingo ya bata, ulifungue na kulisafisha. Hukaa na maji daima ili kuzuia harufu isipande, na ndipo taka zipendapo kutuama. Lakini ikiwa matundu yote ya nyumba yamekataa maji kwa pamoja, kosa liko nje, katika bomba kuu au shimo la maji machafu. Hapo aitwe fundi.

Ama zile dawa kali, twawasihi wazazi. Nyingi zina kostiki soda au asidi, nazo huunguza ngozi na huweza kupofusha macho. Ikiwa dawa imekwisha kumwagwa, pampu isitumiwe, kwani huirusha usoni. Na dawa yenye asidi ikichanganywa na ile ya klorini ya kung’arishia nguo, hutoka hewa ya sumu. Mtoto akiiona chupa yake chini ya karo hatajua tofauti yake na sharubati.

Kinga ni nyepesi. Mafuta yaliyokaangiwa yasimwagwe karoni, kwa kuwa yakipoa hugandamana na masalio ya uji na wali. Yapozwe, yatiwe katika kopo la kutupwa. Na sufuria ipanguswe kabla ya kuoshwa. Maji ya kuosha yakipungua, ndoo moja imebaki.

Turudi Korogwe. Kijana alisukuma na kuvuta hata jasho likamtoka. Mara karo likaguruma, maji yakazunguka, yakashuka. Baba alinyamaza kitambo, kisha akamwambia mkewe: “Mama watoto, niwie radhi. Mafuta ya jana usiku niliyamwaga mimi.” Msichana wa kazi, aliyekuwa amejibanza mlangoni, naye akaombwa radhi.

Ndugu zetu, lawama ilitangulia uchunguzi, na aliyekuwa mdogo kuliko wote ndiye aliyeibeba. Nanyi vijana wa kiume, msingoje kuitwa. Pampu ile haichagui mkono wa mume wala wa mke, na adhana ya magharibi iliwakuta watu wa nyumba ile wamekaa mkekani pamoja, hapana aliyenuna.